Tofali Lenye Nyayo za Mbwa

Watu wanaomtafuta shemeji yangu Valborg hawabishi hodi. Wanasimama barabarani na kusikiliza. Wakisikia shoka dogo likigonga nyuma ya nyumba wanajua yupo. Kukiwa kimya, amekwenda kanisani au anaumwa. Nasema hivi kwa mazoea tu. Tangu Mei mlio hausikiki, na yeye yupo.

Alizaliwa hapahapa kando ya ghuba, zamani hizo ambapo kila ufuko ulikuwa na kiwanda cha matofali na kila kiwanda na bomba lake la moshi. Baba yake alichimba udongo. Yeye mwenyewe, akiwa na miaka saba, alikuwa akitoka shule na kwenda kwenye vibanda vya kukaushia kugeuza matofali mabichi ili yakauke pande zote. Mimi nilikuwa mchomaji katika kiwanda hichohicho, miaka ishirini na minane mbele ya tanuri, na kama kuna kitu ninachokijua duniani ni rangi ya moto. Kaka yangu Nis alikuwa mwashi. Alikuja kiwandani kuchukua matofali, akachukua na binti. Mzaha huo Nis aliurudia kila Krismasi, na kila Krismasi Valborg alimjibu kwamba matofali ndiyo aliyoyakagua kwa makini zaidi.

Kiwanda kilipofungwa, mimi nilikaa nyumbani kuilaani serikali. Valborg hakuwa na muda huo. Nis alikuwa akipata kazi za kubomoa nyumba kuukuu, akaanza kumletea mkewe matofali yake, naye akakaa bandani juu ya kigoda na shoka lake dogo, anagonga, chokaa inadondoka, tofali linawekwa kwenye chaga ya mbao. Miaka thelathini na zaidi amefanya hivyo. Nusu ya mabomba ya moshi ya upande huu wa ghuba yamepita mapajani mwake.

Hapa lazima nieleze jambo, maana vijana wa siku hizi hawalijui, na wenye vyeti ndio hawalijui kabisa. Nis alikuwa na amri moja kwa kila aliyejifunza kazi kwake: jenga ukuta ambao mtu mwingine ataweza kuufungua. Kwa hiyo alijengea chokaa. Chokaa hushika, lakini ukiigonga inavyotakiwa huachia, na tofali hutoka zima. Saruji haiachii. Ukuta wa saruji ukiubomoa, tofali huvunjika kabla ya saruji, na unachopata ni kifusi cha kujazia barabara. Ndiyo maana nyumba za babu zetu zimekula nyumba za babu zao, na nyumba zetu hazitaliwa na mtu. Waashi wa saruji Nis aliwaita wazikaji.

Mtoto wao ni mmoja, Laue. Alijifunza kwa baba yake, na Nis alipofariki alirithi mwiko, timazi na mapipa ya chokaa iliyolowekwa. Ana kampuni yake, watu kumi na mmoja. Ni kijana mwema, ingawa ana miaka arobaini na sita na tumbo limeshamtangulia. Nasema ni mwema hata leo. Ndiyo maana inauma.

Mwaka juzi halmashauri iliamua kuivunja shule ya zamani na kujenga makao ya wazee palepale. Laue akapata kazi ya uashi. Jumapili moja alikuja kwa mama yake kunywa kahawa, na mimi nilikuwepo, nikiwa kwenye kipande cha tatu cha keki ya mkate mweusi.

"Mama, wanataka matofali ya shule yarudi ukutani," alisema. "Yote. Msanifu anayataka yaleyale."

"Basi wakodi mashine."

"Mashine inavunja moja katika kila matano. Wewe unavunja mangapi?"

"Nikiwa na hasira, moja."

"Basi kazi ni yako, ila Baba mdogo akae mbali asikutie hasira."

"Mimi nitapanga kwenye chaga," nilisema. "Mtu wa kumtia hasira shemeji utamtafuta mwingine."

Valborg hakucheka. Alikuwa anamtazama mwanawe. "Utajengea nini?"

"Chokaa, Mama. Nitajengea nini kingine?"

"Sema vizuri. Baba yako anasikia." Picha ya Nis iko juu ya redio.

"Chokaa," alisema Laue, safari hii akiitazama picha.

Ahadi ni deni, na Valborg alianza kazi kwa ahadi hiyo. Alikuwa na miaka sabini na mitatu. Matofali yalikuwa elfu thelathini na moja. Alifanya kazi kutoka Oktoba hadi Machi, soksi mbili mbili na kofia ya Nis, akipumzika tu pale baridi ilipofanya shoka lidunde. Mimi nilipanga, nikafunga, nikachemsha kahawa. Tulizozana kila siku na sijapata kuwa na msimu mzuri kama ule tangu tanuri lilipozimwa.

Unapokaa na matofali hivyo unaanza kuyasoma. Valborg alikuwa msomaji. "Hili lilikaa chini ya dirisha," angesema, "tazama maji yalivyolila." Au, "Huyu aliyelifyatua hili alikuwa anatumia mkono wa kushoto." Mimi nilisoma moto: lile lilikaa karibu na mlango wa tanuri, hili lilikaa juu. Wasomi wa usanifu wa zamani wanatafuta habari kwenye karatasi, wakati aliyejenga, alivyojenga na alichokibomoa ili ajenge viko hapohapo ukutani.

Siku moja mwezi Januari aliniita.

"Shemeji, njoo uone. Hili si la shule."

Lilikuwa limetoka chini kabisa, kwenye msingi wa bomba la moshi. Nililiinua, nikashangaa uzito. Lilikuwa refu kuliko mengine kwa vidole vitatu na nene kama kitabu cha nyimbo.

"La monasteri," nilisema. Kila mtu huku anajua kulikuwa na watawa ng'ambo ya mto, na kwamba nyumba yao ilibomolewa miaka karibu mia tano iliyopita, dini ilipogeuzwa.

"La monasteri. Lakini halikutoka huko kuja shuleni moja kwa moja. Shika hapa."

Akanionyesha. Upande mmoja ulikuwa na tabaka jembamba la chokaa nyeupe lenye mstari mwekundu wa rangi. Mtu aliwahi kuchora picha hapo, pengine ya mtakatifu. Upande wa pili ulikuwa na lami, na lami hupakwa chini ya kuta za nje.

"Zizi la bwana mkubwa," alisema Valborg. "Walipobomoa monasteri alijengea ng'ombe wake. Halafu zizi lilipoanguka, wakajengea shule. Haya masizi ni ya jiko la mwalimu. Nyumba tatu, na kila mara limetoka zima."

Kisha akaligeuza. Juu, kwenye uso mpana, kulikuwa na nyayo nne za mbwa.

"Alikuwa anafukuzwa," alisema.

"Unajuaje, nawe? Ulikuwepo?"

"Kucha zimezama kwa mbele. Alikuwa anakimbia juu ya matofali mabichi, na mtu nyuma yake anamtukana." Akapitisha kidole kwenye kila unyayo. "Lakini huyo mtu hakulitupa. Udongo ni kazi. Alilichoma hivyohivyo."

Alikaa nalo mapajani mpaka kahawa ikapoa. Halafu akaniambia analotaka. Alitaka tofali lile likae kando ya mlango mkubwa wa makao ya wazee, nyayo zikitazama nje, kimo cha mkono wa mtu aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu.

"Si muda mrefu nami nitaingizwa humo," alisema. "Nataka nishike kitu ninachokijua. Na wakiivunja hiyo nyumba baada ya miaka mia mbili, mtu alitoe, aone mbwa, acheke."

Laue aliposikia alikubali mara moja. Alipima mwenyewe kwa mkono wa mama yake.

Mwezi Machi, kuta zilipoanza, alimwalika aje kutazama. Nilimpeleka. Laue alikuwa amevaa koti safi, jambo ambalo lingenishtua kama ningekuwa na akili. Alikoroga chokaa kwenye ndoo mbele yetu, akachukua mwiko wa baba yake, akajenga matofali matano kwenye kona ya mashariki, taratibu, kama alivyofundishwa. Valborg alichota chokaa kidogo akaisugua kati ya vidole.

"Ya baba yako hii?"

"Kutoka kwenye pipa la mwisho, Mama."

Njiani kurudi shemeji yangu alilia kidogo, kwa furaha, na akanikataza kumtazama.

Wiki iliyofuata nilipeleka mzigo wa mwisho wa matofali kwa trekta. Sikutarajiwa mpaka mchana, lakini mzee halali, nilifika saa mbili asubuhi. Mashine ya kukorogea ilikuwa inazunguka. Kando yake, chini ya turubai, palikuwa na mifuko ya saruji iliyopangwa hadi kifuani mwangu, na waashi wa Laue walikuwa wakijenga kwa kasi matofali tuliyokuwa tumeyapangusa moja moja.

Laue aliniona. Alikuja akifuta mikono kwenye suruali.

"Baba mdogo, usimwambie."

"Hii ni nini?"

"Ni baridi, ni nini tena? Chokaa haikauki kwenye baridi hii, wewe unajua. Mkandarasi anataka ukuta kwa wiki tano. Nikisema nangoja, kesho analeta watu wengine, na hao wataleta saruji hiyohiyo."

"Na mama yako je?"

"Mama ataona ukuta. Matofali ni yaleyale. Na hata hivyo si hayo yanayobeba nyumba, Baba mdogo, nyuma yake ni zege tupu. Matofali ni nguo tu. Nyumba yenyewe imepigiwa mahesabu ya miaka hamsini."

"Halafu?"

"Halafu katapila," alisema, na hakuweza kunitazama.

Nilishusha mzigo nikaenda nyumbani. Nilijiambia kwamba Valborg amechoka, kwamba ameshafurahi, kwamba kijana ana watu kumi na mmoja wa kuwalisha, kwamba mimi si mtu wa kuchonganisha mama na mwana. Nilijiambia mengi. Jioni ile aliniuliza kuta zinaendaje, nikasema zinaenda. Nilikula keki yake juu ya maneno hayo.

Mwezi Mei kenchi za paa zilipanda, na kama ilivyo desturi, siku ya kenchi kusimama mwenye jengo huwalisha mafundi. Shada la majani mabichi lilipandishwa juu kabisa, bendera ikafungwa, soseji zikachemshwa, bia zikafunguliwa. Valborg alivaa gauni la bluu. Kwenye mkoba alikuwa na shoka lake, maana msanifu, binti mmoja mwenye heshima na viatu vyeupe, alimwomba alilete wapigwe nalo picha.

Binti yule alihutubia. Alisema matofali haya yameishi maisha mengi na siku moja yataishi tena. Alisema mama huyu ndiye aliyeyapa uhai mpya. Tulishangilia mara tatu. Nadhani alikuwa anaamini kila neno, na hakuna aliyekuwa amemwambia vinginevyo. Mimi nilishangilia pia, kwa sauti kubwa kuliko kawaida yangu.

Valborg alikwenda mlangoni. Tofali lilikuwepo, mahali palepale, nyayo nje, kimo kilekile. Laue alikuwa amelipanga vizuri sana. Aliweka kiganja juu ya nyayo na kutabasamu, wakampiga picha. Halafu, kwa mazoea, akachomoa pini kwenye nywele zake na kuipitisha kwenye kiungo kati ya matofali. Watu wa kazi hii hufanya hivyo bila kufikiri, kama mama anavyoshika paji la mtoto.

Pini ilipiga kelele ikapinda.

Aliitazama. Akaenda kona ya mashariki, polepole, akapitisha pini ileile kwenye yale matofali matano ya Machi. Chokaa ikamwagika kidogo kwenye kiatu chake. Akaipandisha kwenye safu ya juu yake. Pini ikalia tena. Akarudi mlangoni, na mimi niliweka chini sahani yangu ya soseji.

"Laue. Njoo."

"Mama, tule kwanza."

"Nitolee tofali langu."

Laue alicheka kidogo, akatazama watu. "Lile la mbwa? Ndiyo kwanza limekaa."

"Nitolee. Nataka nilitazame nyuma."

"Si leo, Mama. Watu wapo."

"Watu nawaona." Alifungua mkoba, akampa shoka. "Baba yako alikuwa analitoa tofali huku anapiga mluzi. Toa."

Angeweza kukataa. Nafikiri alitumaini, kama mjinga, kwamba kwa mkono wake mzuri litatoka. Aliomba tindo, akapiga magoti, akaanza kwenye kiungo cha juu. Alikwenda kwa uangalifu wote aliofundishwa. Cheche zilitoka. Soseji zilipoa, mafundi wake wakaacha kunywa mmoja mmoja. Dakika kumi baadaye saruji ilikuwa na mikwaruzo tu. Akaongeza nguvu kidogo.

Tofali lilipasuka katikati, nyayo mbili huku na mbili huku. Saruji haikuwa na hata ufa.

Binti mwenye viatu vyeupe aliziba mdomo.

"Limetolewa mara tatu," alisema Valborg, "na wa mwanzo hawakujua hata kusoma. Wewe una cheti ukutani."

"Mama, ilikuwa baridi. Ningepoteza kazi."

"Ungeniambia. Ningekasirika wiki moja, ningelibakisha bandani." Sauti yake haikupanda. "Saruji si kitu, Laue. Wengi wamejengea saruji. Lakini ulikoroga chokaa ya matofali matano ili nione. Ulifungua pipa la baba yako ili unidanganye nalo. Ulivaa koti safi."

Laue alibaki amepiga magoti. Sijui kama alilia. Alikuwa ameinamisha kichwa.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia hapohapo. Valborg aligeuka akanitafuta kwa macho.

"Shemeji, wewe ulileta mzigo wa mwisho."

"Ndiyo."

"Uliona."

Nilikuwa na majibu mengi, nimeyalea wiki sita. "Niliona," nilisema.

Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei na kuikubali. Akachukua shoka na tindo kwa Laue, akavibandua vipande viwili kutoka ukutani, saruji imegandia kila kimoja ubavuni. Kimoja akakiweka mkononi mwa Laue. Kingine akaniletea mimi. Kisha akachukua mkoba wake na kurudi nyumbani kwa miguu, kilomita tatu, katika gauni la bluu. Shoka aliliacha chini mbele ya mlango.

Laue ameshakwenda kwake mara nyingi. Anafunguliwa, anapewa kahawa, wanazungumza hali ya hewa. Mimi vilevile. Keki iko mezani, ananiambia nijikatie, na hiyo ni adhabu, maana siku zote alinikatia yeye. Banda limefungwa. Vijana wa kubomoa walipoleta matofali ya ghala moja la zamani, aliwaambia wayapeleke kwenye mashine.

Shoka nililiokota mimi. Wiki mbili zilizopita nilikaa nyuma ya nyumba yangu na kile kipande, nikaanza kukigonga. Nilitaka niitoe saruji yote, nimrudishie nusu iliyo safi, hata kama ni nusu. Nyumba zetu zimetengwa na ua tu. Nilikuwa nimegonga kama dakika tano nikasikia mlango wake unafunguliwa.

Alisimama upande wa pili wa ua, akasikiliza.

"Unaligonga vibaya," alisema.

"Njoo basi unionyeshe, shemeji."

Alisimama tena kidogo. Halafu akarudi ndani, na nikasikia mlango ukifungwa.

Nimeendelea kujaribu, lakini kila nikigonga saruji, kinachobanduka ni tofali. Sasa umebaki unyayo mmoja na kucha mbili. Nimeacha.